Nafanya kazi nne kwa mpigo, na kila Jumamosi hesabu ina upungufu

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina duka dogo la rejareja, na humo humo nafanya uwakala wa pesa za simu kwa laini tatu. Mtaji wa uwakala ni shilingi 1,200,000 ukijumlisha keshi na floti, yaani pesa iliyomo ndani ya laini. Nyumba na duka vimeshikana, kwa hiyo jiko la mkaa naliweka mlango wa nyuma, napika huku nauza. Jioni mtoto wa darasa la tatu anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya kaunta, nimsimamie kazi za shule. Juu ya hayo ni mweka hazina wa kikoba. Wanachama wananitumia hisa na marejesho kwenye simu yangu, kila mtu kwa saa yake.

Zamani niliyamudu yote, na watu walinisifu. Miezi miwili iliyopita niliongeza laini ya tatu, na kikoba kikatoka watu 12 kikawa watu 22. Tangu hapo sijielewi. Hesabu ya uwakala naifunga Jumamosi usiku. Jumamosi ya kwanza upungufu ulikuwa 27,000, ya pili 45,000, ya tatu 10,000. Maharage yameungua mara mbili ndani ya wiki moja. Mwanachama mmoja ana ujumbe kwenye simu unaoonyesha alirejesha 20,000, na kwenye daftari langu jina lake halina kitu. Nalala saa tano na nusu usiku, saa kumi niko macho.

Jirani anasema hiyo ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za watu, na ana mganga wa kunipeleka. Baba watoto anasema nimeanza kusahau kama bibi kizee, niache uwakala. Siwezi, kamisheni ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Je, akili yangu imechoka, au kuna namna ya kuyapanga haya yakaenda? Naomba unielekeze kwa vitendo. "Mshika mbili moja humponyoka" nimeshaambiwa na kila mtu.

Mama Watatu, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Methali hiyo tutaitumia, ila kwa kazi nyingine. Leo usiku ukishafunga, chukua karatasi na kalamu, uwashe saa ya kupimia sekunde kwenye simu. Andika mstari wa juu: MSHIKA MBILI MOJA HUMPONYOKA. Mstari wa chini andika namba 1 mpaka 25, maana sentensi hiyo ina herufi 25. Tazama umetumia sekunde ngapi. Kisha rudia kwa kupokezana: herufi moja juu, namba moja chini. M halafu 1, S halafu 2, H halafu 3, mpaka mwisho. Herufi ni zile zile, namba ni zile zile na mkono ni ule ule, lakini muda utaongezeka sana. Na mahali fulani katikati ya HUMPONYOKA utajikuta kalamu iko hewani, hujui ulifika herufi ipi. Pale kalamu iliposimama hewani ndipo pesa yako inapopotelea.

Kichwa cha mtu hakifanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Kinashuka kwenye moja na kupanda nyingine, kama abiria wa daladala, na kila kinapopanda kinalipa nauli upya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walichapisha jaribio lao mwaka 2014: watu walipewa kazi ya hatua zinazofuatana, kisha wakawa wanakatizwa kidogo kidogo. Kukatizwa kwa wastani wa sekunde 2.8 kulifanya makosa ya kuruka au kurudia hatua yawe maradufu. Kwa sekunde 4.4 yakawa mara tatu. Sekunde 2.8 ni muda wa mtu kukuuliza "Mama, kiberiti kipo?" nawe ukajibu "Kipo, subiri." Sasa hesabu umeulizwa mangapi leo.

Kwa hiyo wewe hujapungua. Kilichoongezeka ni milango ya kukukatiza: laini moja zaidi na watu kumi zaidi wanaoweza kuiliza simu yako wakati wowote. Lakini ukijiona unasahau hata Jumapili ukiwa umetulia, au kuna kizunguzungu na kuchoka kusikoisha, nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu, sukari na presha. Na saa nne na nusu za usingizi hazikutoshi. Mtu mzima anahitaji saa saba na kuendelea, na kichwa kisicholala hukatika uzi upesi zaidi.

Sasa chuma ulete. Kabla hujatoa hata nauli ya kwenda kwa huyo mtu, gawanya upungufu wako kwa tisa. 27,000 kwa tisa ni 3,000. 45,000 kwa tisa ni 5,000. Hakuna baki. Watunza hesabu wanaijua alama hii: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, au sifuri moja ikizidi, tofauti hugawanyika kwa tisa kila mara. Andika 85,000 badala ya 58,000, tofauti ni 27,000. Andika 50,000 badala ya 5,000, tofauti ni 45,000. Inaweza kutokea kwa bahati pia, sikatai, na upungufu wa wiki nzima unaweza kuwa makosa mawili yaliyojumlishana. Ila mimi ningeanza kutafuta hapo.

Fungua orodha ya miamala ya wiki ile ya 27,000. Upande wa kuweka pesa, tafuta miamala ya 30,000, 41,000, 52,000, 63,000, 74,000, 85,000 na 96,000, uone kama yupo mteja ambaye huenda alikupa 3,000, 14,000, 25,000, 36,000, 47,000, 58,000 au 69,000. Upande wa kutoa pesa ni kinyume chake: tafuta miamala iliyoandikwa kiasi kidogo, wewe ukahesabu noti za kiasi kikubwa. Kwa wiki ya 45,000, kwenye kuweka tafuta 50,000, 61,000, 72,000, 83,000 na 94,000, na uiangalie sana 150,000. Kiswahili chetu cha sokoni kina mtego hapo. Mteja anasema "laki na tano" akimaanisha 105,000. Wewe umegeukia sufuria, ukirudi kichwa kimebaki na laki na kimebaki na tano, kidole kinaandika 150,000. Tofauti yake ni 45,000 kamili.

Ile 10,000 haigawanyiki kwa tisa, kwa hiyo usiitafute kwenye tarakimu. Hiyo ni noti moja nyekundu. Ama noti mbili zilishikana ulipokuwa unalipa, ama ulichomoa chenji ya mteja wa mchele kutoka kwenye pesa za uwakala ukasahau kurudisha.

Hapo kwenye chenji tusimame kidogo, maana barua yako haisemi pesa unaziweka wapi, na mwenye duka, uwakala na kikoba kwa pamoja mara nyingi ana droo moja. Kama ni hivyo, nunua mikebe mitatu leo: duka, uwakala, kikoba. Mkebe wa duka uwe na chenji zake tangu asubuhi, tuseme 20,000 za noti ndogo na sarafu, ili usiwe na sababu ya kugusa mwingine. Uzuri wa uwakala ni kwamba una namba isiyobadilika. Mteja akiweka pesa, floti inashuka na keshi inapanda kwa kiasi kile kile. Akitoa, ni kinyume. Jumla ya keshi na floti za laini zote tatu lazima ibaki 1,200,000 asubuhi, mchana na usiku, ukiiweka kamisheni pembeni. Namba hiyo ikiyumba, kuna kosa, na kosa hilo ni la tangu mara ya mwisho ulipohesabu. Ukihesabu Jumamosi tu, unatafuta kosa moja ndani ya mamia ya miamala. Ukihesabu saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, unalitafuta ndani ya miamala michache ambayo sura za wateja wake bado unazikumbuka. Kila hesabu ni dakika tano hivi, dirisha likiwa limefungwa. Ndiyo, funga dirisha. Mteja atasubiri dakika tano kwa wakala ambaye hajawahi kumpotezea pesa.

Sasa tuje kwenye muamala wenyewe, kwa sababu hapa ndipo nataka uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Sikwambii uache kazi zako. Ninachokwambia ni kwamba siku yako nzima ina vipande vidogo visivyovumilia kukatizwa, kila kimoja chini ya dakika moja au mbili, na hivyo ndivyo vya kulindwa. Marubani wa ndege za abiria za Marekani, tangu 1981, wanakatazwa kisheria kufanya lolote lisilo la lazima kwa usalama wa ndege wakiwa wanapaa au wanatua chini ya futi 10,000, hata kupiga soga. Huko juu zaidi wanaongea. Muamala ndio kutua kwako.

Mteja akija kuweka pesa, ataje namba na kiasi, nawe uandike daftarini kabla hujagusa simu ya kazi. Hesabu noti zake mbele yake kwa mafungu ya noti kumi kumi, kila fungu ulilaze kukingama na lililotangulia. Ukikatizwa katikati, umepoteza fungu moja tu, na fungu hilo unalianza upya. Usijaribu kukumbuka ulifika ngapi, maana utakumbuka namba, lakini itakuwa ya noti iliyopita. Pesa zikishahesabiwa usizitie mkebeni. Ziweke juu ya kaunta upande wako, uzikandamize kwa jiwe la mizani. Ingiza namba, ingiza kiasi, kisha msomee mteja tarakimu moja moja kutoka kwenye kioo: "Tano, nane, sifuri, sifuri, sifuri." Jina likitokea, lisome kwa sauti, aseme ndiye. Weka namba ya siri. Ujumbe ukifika, usome salio lako jipya, tia alama daftarini. Hapo ndipo pesa zinatoka chini ya jiwe na kuingia mkebeni.

Jiwe lile lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto akianguka, sufuria ikimwagika, umekimbia umerudi, huhitaji kukumbuka chochote: pesa chini ya jiwe maana yake muamala haujaisha. Kitu kinachoonekana kwa macho kinakushikia nafasi, kama kidole kwenye ukurasa wa kitabu.

Ukilazimika kugeuka katikati, sema kwanza kwa sauti hatua iliyobaki: "Namba imeingia, bado kiasi." Sekunde mbili tu. Na ukirudi ukakuta menyu imejifunga yenyewe kwa kuchelewa, usirudie kutuma. Angalia salio kwanza. Wengi wanaotuma mara mbili hutuma hapo, kwa sababu hawajui kama ya kwanza ilipita. Ukigundua imekwenda namba isiyo yake, piga huduma kwa wateja ya mtandao huo papo hapo, ukiwa na namba ya muamala mkononi, kabla aliyepokea hajaitoa.

Kwenye kutoa pesa, mkono usiingie mkebeni mpaka ujumbe ufike na salio lipande. Nasema salio, si ujumbe peke yake. Matapeli wanakujua kuliko unavyojijua. Huja wawili, mmoja anataka sukari nusu kilo, kiberiti na chumvi, mwenzake anakuonyesha ujumbe wa kughushi na kukuharakisha. Huyo wa sukari ndiye anayefanya kazi kubwa. Hata ule ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haumnasi mjinga. Unamnasa mtu ambaye kweli alikuwa na pesa ya kutuma siku hiyo, na ujumbe ukamkuta anafanya jambo lingine.

Kuhusu salamu, najua ni mtihani. Mtoto wa watu akikwambia shikamoo huwezi kumkaushia. Inua kiganja, sema "naja, nahesabu," umalize, kisha umwitikie vizuri kwa kumtazama. Bandika na karatasi kwenye wavu: SALAMU NITAITIKIA, NIKIMALIZA MUAMALA. Watacheka, na watazoea ndani ya wiki. Foleni iwe moja. Wa vocha, wa unga na wa kutoa pesa wasimame nyuma ya mmoja, asiwepo wa kupenyeza mkono pembeni kwa kuwa "mimi nataka kiberiti tu."

Jikoni ni rahisi zaidi, kwa sababu kuna chakula kinachojipika chenyewe. Tatizo lako ni kuwa unakipika saa za duka. Loweka maharage usiku. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya dirisha kufunguliwa, yaweke kwenye maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 sufuria ikiwa imefunikwa. Usipunguze muda huo: maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayohitaji mchemko wa kweli wa angalau dakika kumi. Yakiwa bado yanatokota, toa sufuria uitumbukize kwenye kapu ulilolitandika blanketi kuukuu na matambara, unene wa vidole vinne chini na pande zote, na mto wa matambara juu ya mfuniko. Sufuria iwe imejaa kuanzia theluthi mbili, ikiwa na maji kidogo inapoteza joto haraka. Usichungulie. Ukiyafungua baada ya saa tatu au nne utayakuta yameiva, au yamebakiza mchemko mfupi wa kuunga. Hakuna moto, kwa hiyo hakuna cha kuungua, na mkaa umeokoa. Chumvi ya mboga ipime asubuhi kwenye kikombe kidogo cha kahawa uiweke kando. Kikombe kikiwa kitupu, umeshatia chumvi.

Ugali ni kesi nyingine, hausubiri muamala. Wali una nafasi yake, ila dakika za kukaushia zinakutaka. Kwa hivyo funga dirisha robo saa, au awepo mtu. Na mafuta ya moto, pasi, na kumwogesha mtoto mdogo, hivyo usivichanganye na kitu chochote, hata simu ya mama mzazi. Na kama "mlango wa nyuma" maana yake jiko liko ndani ya mlango, litoe nje leo. Moshi wa mkaa usioonekana ndani ya chumba kilichofungika unaua, na kabla ya kuua unaleta kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Huenda hata sehemu ya usahaulifu wako inatoka hapo.

Kuna kazi zinazoshikana vizuri, usije ukadhani nakukataza kila kitu. Kuchambua mchele na kusikiliza redio zinakwenda. Kukunja nguo huku mtoto anakusomea hadithi kwa sauti, sawa kabisa, kwa sababu mkono unajua kukunja bila kuuliza kichwa. Kisichokwenda ni kuhesabu na kusikiliza. Ukihesabu, kuna sauti ndani ya kichwa inayotamka "kumi na nne, kumi na tano." Mtoto akisema "Mama, saba mara nane?", swali lake linaingia kwenye njia ile ile. Kwa hiyo yule wa darasa la tatu mwondoe kwenye ndoo. Jioni afanye peke yake yale ya kuandika na kunakili, asipojua swali aliwekee alama ya nyota na kuendelea. Baada ya hesabu ya saa mbili usiku, kaa naye dakika 20 kwa nyota tu, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 20 hizo zitazaa kuliko saa mbili za "ngoja kwanza" pale kaunta. Yeye naye alikuwa anakatizwa, mnasahau hilo.

Simu yako binafsi ndiyo mlango mkubwa kuliko yote. Simu za kazi zibaki kaunta, ya kwako iingie kwenye droo, kundi la kikoba la WhatsApp ulinyamazishe kwa chaguo la "daima". Waandikie wenzako: "Ndugu zangu, pesa za kikoba nitazipokea muda wote, ila nitaziandika na kuwajibu saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Mwenye dharura apige." Saa ikifika, kaa na daftari, fungua ujumbe mmoja, andika jina, kiasi na namba ya muamala, tia alama, ndipo ufungue wa pili. Usimjibu mtu yeyote mpaka uandike wote. Ile 20,000 nadhani ilipotea hivi: uliuona ujumbe, ukamjibu "asante, nimeiona," na kichwa kikahesabu jambo limekwisha. Kujibu kulichukua nafasi ya kuandika. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi haijaisha akaenda nyingine, sehemu ya fikra hubaki kule alikotoka. Aliyaita mabaki ya umakini. Ukiacha jambo nusu, andika neno moja kwenye karatasi ya kaunta, "20,000, daftari", likusubiri hapo badala ya kukuzunguka kichwani.

Baba watoto umwambie kwamba bibi kizee hakatizwi mara mia kwa siku. Halafu umwombe kitu kimoja chenye saa, usimwombe "msaada", maana msaada hauna umbo. Mwambie: "Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, chagua: kaunta ya duka, au jiko na watoto. Uwakala ni wangu." Hiyo ndiyo saa watu wanatoka kazini, foleni ni ndefu na njaa imepamba moto. Asipoweza siku zote, aanze na Ijumaa na mwisho wa mwezi. Na akisema mbona zamani uliweza, sifa ya mama hodari wa kufanya kumi kwa mpigo imetuponza wengi. Huko Utah, Marekani, watafiti waliwapima watu 200 wakiendesha gari la kuigiza huku wakifanya kazi ya kichwa kwenye simu, na matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliobaki vile vile bila kuharibu chochote walikuwa asilimia 2.5. Hao ni watu watano. Mimi na wewe tujihesabu kwenye wale 195.

Anza na mikebe, jiwe na hesabu tatu za siku, wiki hii. Kapu la maharage na saa za kikoba wiki ijayo. Usianze yote kesho, maana hiyo nayo itakuwa ni kufanya kumi kwa mpigo.

Imebaki 20,000 ya mwenzako, na hiyo isingoje. Mpigie leo, mwambie ujumbe wake umeukubali na utalirekebisha daftari mbele ya watu. Kwenye kikao kijacho fika na daftari na orodha ya miamala ya simu yako ya miezi miwili, tangu mlipofika watu 22. Omba mwanachama mmoja akae nawe, yeye asome ujumbe, wewe utafute mstari, muweke alama kwa kalamu nyekundu. Simu zenu nyingine zote ziwe mbali. Mkikuta na mengine yaliyorukwa, yaandikwe siku hiyo hiyo na wote wawili mtie sahihi. Kisha uwaambie kikao kwamba watu 22 wanahitaji wawili: mmoja wa kupokea, mwingine wa kuandika. Wakikataa, kabidhi daftari hapo hapo likiwa safi. Kodi ya fremu inalipwa na kamisheni, hailipwi na uhazini.